FM 5-0 na wenzake wawili: uhakiki wa vitabu vya upangaji wa operesheni, ukamanda na uongozi

Vitabu vitatu ninavyovihakiki hapa havina bei. Jeshi la Nchi Kavu la Marekani huviweka wazi kwenye tovuti ya kurugenzi yake ya machapisho, vikiwa na maelezo kwenye ukurasa wa mbele kwamba usambazaji wake hauna mipaka, na ofisa yeyote wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala mwenye simu na bando la kutosha anaweza kuvipakua kabla chai yake haijapoa. Cha kwanza na kikubwa kuliko vyote ni FM 5-0 (FM ni Field Manual, mwongozo wa uwanjani), kitabu cha upangaji na uandaaji wa amri, ambacho toleo nililolisoma ni la Mei 2022, lenye kurasa zaidi ya mia tatu. Cha pili ni ADP 6-0 (ADP ni Army Doctrine Publication, chapisho la mafundisho ya jeshi), kinachohusu ukamanda na namna ya kuwakabidhi walio chini jukumu badala ya kuwaelekeza kila hatua. Cha tatu ni ADP 6-22, kinachohusu uongozi na taaluma ya jeshi. Hivi viwili vya mwisho ni vya Julai 2019. Nimevisoma nikiwa mnadhimu mstaafu, yaani ofisa wa kumsaidia kamanda kupanga, ambaye bado anakutana na maofisa vijana kila Jumamosi kwa ajili ya kujisomea, na kwa muda wa miaka miwili tumevitumia mezani, tukavichora, tukavibishia na kuvijaribu juu ya mchanga.

Kipimo nilichokitumia kuvipima ni kimoja, na kilitokana na usiku wa zoezi moja la zamani ambalo kikosi chake sitakitaja. Batalioni yetu ilipokea amri ya operesheni yenye kurasa thelathini na nane, iliyopigwa chapa vizuri, yenye viambatisho vya kila aina, na ilitufikia wakati zaidi ya nusu ya usiku ilikuwa imekwisha kuliwa na wale walioiandika. Makamanda wa platuni walisomewa amri kwa tochi. Luteni mmoja, kijana mtulivu ambaye hakuwa na desturi ya kuuliza, alisimama akasema: “Afande, nimeielewa njia na nimeyaelewa masaa. Naomba kujua tu, tukishafika darajani, daraja tunalitaka sisi, au tunataka adui asilipate?” Hakuna aliyemjibu ipasavyo. Kapteni alimwambia asome kiambatisho cha wahandisi. Kulipokucha redio za platuni yake zilinyamaza, kama zinavyonyamaza mara nyingi kwenye mabonde yale, na yeye, akiona adui wa zoezi anakaribia, akaamua kwa akili yake nzuri kabisa kulitegea daraja baruti za kuigiza na kulilipua. Mwamuzi wa zoezi alifika na kitambaa chake cheupe mkononi, akatangaza kwamba daraja halipo. Brigedi nzima ilikuwa imepangwa kuvuka juu ya daraja lile saa mbili baadaye.

Tangu siku hiyo, ninaposhika kitabu chochote cha upangaji, ninatafuta jambo moja kwanza: je, utaratibu unaofundishwa humu ungemfikishia luteni yule jibu la swali lake kabla redio haijanyamaza?

FM 5-0 ina jibu, na ni jibu zuri, ila msomaji analazimika kulichimba. Moyo wa kitabu ni utaratibu wa hatua saba wa kufanya uamuzi wa kijeshi, unaoanzia kupokea jukumu, kisha kulichambua, kutunga njia za utekelezaji, kuzichambua njia hizo kwa mchezo wa vita, kuzilinganisha, kuidhinisha moja, na hatimaye kuandika amri, kuisambaza na kuikabidhi kwa watekelezaji. Ofisa aliyepita chuo chochote cha ukamanda na unadhimu ataona sura anazozifahamu. Kitu ambacho kitabu hiki kinakifanya vizuri kuliko miongozo mingine niliyowahi kuitumia ni hatua ya pili, uchambuzi wa jukumu, ambayo kinaipa nafasi kubwa na kuifafanua kwa subira. Mnadhimu anafundishwa kutenga majukumu yaliyotajwa waziwazi katika amri ya juu, yale ambayo hayakutajwa lakini hayakwepeki, na yale machache ambayo bila hayo operesheni imeshindwa. Anafundishwa pia kutenganisha ukweli na makisio, na kila kisio linapewa masharti mawili: liwe linaelekea kuwa kweli, na liwe la lazima ili upangaji uendelee. Nimeona maofisa wenye miaka kumi kazini wakishangaa walipoombwa waandike makisio yao kwenye karatasi ya pembeni, kwa sababu ndipo walipogundua kwamba nusu ya mpango wao ilisimama juu ya mambo ambayo hakuna aliyeyathibitisha.

Kutokana na uchambuzi huo huzaliwa tamko la jukumu, sentensi moja inayosema nani atafanya nini, lini, wapi na kwa ajili gani. Neno hilo la mwisho ndilo lililokosekana katika zile kurasa thelathini na nane. Kitabu kinasisitiza kwamba kazi iende sambamba na sababu yake hadi ngazi ya chini, na juu ya hapo kinamtaka kamanda mwenyewe, si mnadhimu wake, aandike kusudio lake: lengo pana la operesheni, mambo machache ambayo lazima yatimizwe, na hali inayotakiwa iwepo mwishoni kwa upande wa adui, wa vikosi vyetu, wa ardhi na wa raia. Kusudio hilo linatakiwa liwe fupi kiasi cha kukumbukwa, na lieleweke ngazi mbili chini ya yule aliyelitoa hata akiwa hayupo. Kamanda wa batalioni, kwa maana hiyo, anaiandikia platuni, iliyo chini ya kombania. Luteni wetu angekuwa na jibu lake katika sentensi mbili.

Hapa nataka kusema jambo kuhusu lugha, kwa sababu vitabu hivi havijatafsiriwa kwa Kiswahili na kila mwalimu anajitafutia maneno. Wengi husema “nia ya kamanda”. Mimi nimeacha kulitumia neno hilo mbele ya wanafunzi Watanzania, kwa kuwa Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa mwezi Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, alitaja mambo matatu ambayo hata mtoto wa shule anayakumbuka: sababu, uwezo na nia. Nia katika hotuba ile ilikuwa utashi, ule moyo wa kuamua na kutorudi nyuma. Kitu ambacho kitabu kinakizungumzia kiko karibu zaidi na sababu na mwisho unaotafutwa, kwa hiyo ninasema “kusudio”, na nimeona mkanganyiko umepungua. Atakayekuja kutafsiri kazi hizi atalazimika kuamua mambo mengi ya namna hii, na ningependa afanye hivyo akiwa amekaa na askari, maana wao tayari wana maneno.

Sehemu ya nne ya utaratibu, mchezo wa vita, ndiyo iliyotupa faida kubwa kuliko zote. Kanuni yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza kwa uaminifu: tendo letu, jibu la adui, kisha jibu letu kwa jibu hilo, zamu baada ya zamu, huku mmoja wa wanadhimu akipewa kazi ya kuwa adui na kucheza ili ashinde. Kitabu kinaeleza namna tatu za kuigawa ardhi kwa ajili ya mchezo, kwa mikanda inayokata eneo la vita, kwa kufuata njia moja ya kusonga mbele tangu mwanzo hadi mwisho, au kwa kuchagua kisanduku cha eneo moja muhimu, na kinaonyesha jedwali la kuandikia matokeo ili yasipotee. Maelezo ya jedwali ni marefu mno kwa mtu anayeanza, lakini wazo lenyewe ni dhahabu.

Tulilijaribu juu ya vita vya Tanga vya Novemba 1914, kwa sababu ni vita vilivyopiganwa kwenye ardhi tunayoijua na kwa sababu upande mmoja ulikuwa na kila kitu isipokuwa mpango. Meja Jenerali Arthur Aitken wa Uingereza alifika na kikosi kilichotoka India, watu wapatao 8,000, dhidi ya mji wa Wajerumani uliokuwa karibu mtupu. Tarehe 2 Novemba manowari Fox iliingia bandarini kwanza na kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoshambulia yamekwisha, ikawataka wasalimu amri. Hawakusalimu. Uteremshaji wa askari ulianza usiku huo kando ya Ras Kasone, na shambulio kuu halikufanyika hadi tarehe 4. Katika muda huo kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa anashusha askari wake kutoka Moshi kwa reli ya Usambara, na usiku wa kuamkia shambulio alizunguka mjini kwa baiskeli akiikagua ardhi yeye mwenyewe.

Mezani kwetu bahari ilikuwa kamba ya buluu, mji ulikuwa vipande vya tofali, na reli ilikuwa uzi uliotandazwa hadi ukingo wa meza ambako tuliandika Moshi kwa chaki. Luteni Usu aliyepewa kucheza upande wa Wajerumani alisubiri wenzake waweke Fox bandarini na kusoma tangazo lao kwa fahari, kisha akauliza swali moja: “Reli iko wazi?” Walipomjibu kwamba hakuna aliyeikata, akaanza kusukuma visanduku vya kiberiti kutoka Moshi, kimoja baada ya kingine, bila kusema neno lingine, na kila zamu iliyopita huku askari wa Aitken wakiwa bado majini, kisanduku kilisogea. Hadi zamu ya tano hakuna aliyehitaji kuelezwa chochote. Tulirudi kwenye karatasi ya makisio ya upande wa Waingereza na tukalikuta pale lile lililowaponza, kwamba adui ni dhaifu na hatapata msaada kwa wakati, kisio ambalo halikupimwa kwa upelelezi wowote wa maana. Kwa kawaida watu hukumbuka nyuki waliowavamia wapiganaji siku ile, na nyuki walikuwepo kweli, lakini ni reli iliyoamua. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800 kwa kuuawa, kujeruhiwa na kupotea, hali hasara ya upande wa pili haikufika 200, na tarehe 5 wakapanda meli zao wakiacha nyuma silaha na shehena kubwa ya risasi.

Zoezi hilo lilichukua alasiri moja, na lilifanywa kwa kurasa zisizozidi ishirini za FM 5-0. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa kuwa kasoro kubwa ya kitabu ni kwamba kimeandikwa kwa makao makuu yenye watu wengi. Kinapoeleza nani analeta nini kwenye kila hatua, kinawataja wataalamu wa upelelezi, wa mizinga, wa anga, wa uhandisi, wa ugavi, wa mawasiliano, wa mambo ya kiraia, wa sheria na wengine, kila mmoja akiwa na makadirio yake anayoyahuisha mfululizo. Batalioni ya kawaida katika majeshi yetu ina maofisa wachache wanaobeba kazi mbili au tatu kila mmoja, na kompyuta moja ambayo betri yake imechoka. Ofisa kijana anayesoma kitabu hiki peke yake anaweza kudhani kwamba kupanga vizuri ni kujaza fomu zote, na huyo ndiye atakayeandika kurasa thelathini na nane nyingine.

Kitabu chenyewe kinajua hatari hiyo. Kinarudia kanuni ya zamani kwamba makao makuu yasile zaidi ya theluthi moja ya muda uliopo, ili theluthi mbili zibaki kwa walio chini. Kinaeleza namna ya kuufupisha utaratibu pale muda unapobana, ikiwemo kamanda kuelekeza njia moja tu ya utekelezaji badala ya kutunga tatu. Zaidi ya yote, kwa kombania na platuni kinatoa utaratibu tofauti wa hatua nane usiohitaji ofisi ya unadhimu: pokea jukumu, toa amri ya awali ili watu waanze kujiandaa, tunga mpango wa muda, anza mwendo, peleleza, kamilisha mpango, toa amri, kisha simamia na urekebishe. Kwa maoni yangu msomaji wa Afrika Mashariki aanzie hapo. Hatua ya pili peke yake, amri ya awali, ingetuokolea saa tatu usiku ule wa daraja, kwa sababu platuni zingekuwa zimekula, zimesafisha silaha na zimegawana risasi wakati makao makuu bado yanaandika.

Lalamiko langu ni kwamba mambo haya ya kuokoa muda yamewekwa kama nyongeza ya utaratibu kamili, hali kwa majeshi mengi duniani ndiyo hali ya kila siku. Maofisa waliosomeshwa kwa mapokeo ya Uingereza, ambayo bado yana nguvu nchini Kenya na Uganda, wanayafahamu yale maswali saba ya makadirio ya vita, ambayo swali lake la kwanza linauliza adui anafanya nini na kwa nini, na la pili linauliza nimeambiwa nifanye nini na kwa nini. Maswali yale ni mepesi kubeba kichwani. Nimewapa maofisa sita tatizo moja, watatu kwa njia ya Wamarekani na watatu kwa maswali saba, na kila mara wa maswali saba walimaliza mapema. Lakini wale wa kwanza walikuwa na picha kamili zaidi ya ugavi na ya raia waliomo katika eneo, mambo ambayo mtu mwenye haraka huyapitia juu juu. Mimi sasa ninafundisha maswali saba kwanza, kisha ninatumia FM 5-0 kama ghala la kuchukulia zana.

ADP 6-0 ni kitabu cha namna nyingine kabisa. Ni kifupi, kinasomeka kwa siku mbili, na kina hoja moja inayoendelezwa tangu mwanzo hadi mwisho, kwamba vita ni vurugu inayobadilika upesi kuliko taarifa zinavyoweza kupanda juu na amri kushuka chini, hivyo uamuzi uachiwe yule aliye karibu na tukio, mradi analijua kusudio. Kanuni zake ni saba: umahiri, kuaminiana, uelewa wa pamoja, kusudio la kamanda, amri zinazotaja jukumu na kuacha namna ya kulitekeleza, uthubutu wenye nidhamu, na kukubali hatari. Toleo la 2012 lilikuwa na kanuni sita na halikuutaja umahiri miongoni mwake. Kuongezwa kwake, tena ukiwa wa kwanza, ni sahihisho ninalolipongeza kwa moyo wote. Kumpa uhuru ofisa ambaye hajafunzwa ni kumtelekeza, na wapo makamanda waliojificha nyuma ya maneno mazuri ya kuwaamini walio chini wakati ukweli ni kwamba hawakutaka kufanya kazi ya kuwafunza.

Wazo lenyewe halikuzaliwa Marekani. Waprusia walilijenga polepole baada ya kupigwa vibaya na Napoleon kule Jena mwaka 1806, na Helmuth von Moltke, aliyekuwa mkuu wa unadhimu wao kuanzia 1857 hadi 1888, ndiye aliyelipa nguvu, akishikilia kwamba mpango haubashiri kwa uhakika chochote zaidi ya mapambano ya kwanza na jeshi kuu la adui. Wamarekani nao wana mfano wao wanaoupenda, barua ya Jenerali Grant kwa Jenerali Sherman ya Aprili 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambamo Grant anamwambia avunje jeshi la Johnston, jenerali wa Kusini, na apenye ndani ya nchi ya adui kadiri awezavyo, kisha anasema waziwazi kwamba hamchorei mpango wa kampeni. Ukiisoma barua hiyo baada ya kupitia viambatisho vya FM 5-0 unajiuliza kama FM 5-0 na ADP 6-0 vilitoka kwenye jeshi moja. Mvutano huo kati ya utaratibu mzito na uaminifu mwepesi uko wazi, na ningetamani waandishi wangeukabili uso kwa uso badala ya kila kitabu kumwelekeza msomaji kwenye kingine.

Kanuni ya saba, kukubali hatari, ndiyo iliyoleta mjadala mrefu zaidi katika kundi letu. Kapteni mmoja alisema, bila kupandisha sauti, kwamba ofisa mdogo hawezi kuthubutu mahali ambapo kosa moja la nia njema linafunga faili lake la kupandishwa cheo. Yuko sahihi, na ADP 6-0 haina dawa ya hilo zaidi ya kuwahimiza makamanda wajenge mazingira ya kuaminiana. Tulikwenda kutafuta mfano wa karibu, tukaufikia ule wa Lukaya, nchini Uganda, Machi 1979, katika vita vya Kagera. Brigedi ya 201 ya Tanzania, ambayo ilikuwa na mgambo wengi, ilishambuliwa jioni ya tarehe 10 na majeshi ya Amin yakiwa pamoja na Walibya na maroketi yao, ikarudi nyuma kwa vurugu. Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi, ikaelekezwa igeuke na kuifuata barabara ya Kampala, na alfajiri ya tarehe 11 adui akapigwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Kuigeuza brigedi nzima usiku, kwenye nchi ya kigeni, kwa mpango ambao haukuwepo saa chache kabla, hakufanyiki kwa karatasi. Kunafanyika kwa sababu makamanda wanajuana na kila mmoja anajua kilicho muhimu kesho asubuhi. FM 5-0 ina utaratibu wa kufanya uamuzi wa haraka wakati wa utekelezaji, ambao hautafuti njia iliyo bora kuliko zote, unatafuta inayokubalika kwa wakati uliopo na inayobaki ndani ya kusudio, na Lukaya ni mfano unaoueleza vizuri kuliko michoro yake.

Kuhusu ADP 6-22 nitasema machache, kwa sababu sehemu yake kubwa ni orodha za sifa na stadi ambazo hakuna mtu mwenye akili atakayezipinga: tabia, haiba na akili kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine kuongoza, kuwaendeleza watu na kufikia matokeo. Usomaji wake unachosha. Kuna hata hivyo sehemu moja inayokifanya kitabu kistahili nafasi mezani, nayo ni ile inayozungumzia uongozi unaobomoa, yaani kamanda anayetukana, anayejipendelea, anayezima taarifa mbaya, au asiye na uwezo na hataki kujifunza. Jeshi kukiri kwa maandishi rasmi kwamba viongozi wa namna hiyo wamo ndani yake, na kueleza madhara yao kwa kikosi, ni jambo la ujasiri. Sehemu ile niliisoma kwa sauti mbele ya kundi, na kimya kilichofuata kilikuwa kirefu.

Kwa upande wa umbo, vitabu vyote vitatu vina aya zenye namba, jambo linalorahisisha sana kufundishia, kwani unaweza kumwambia mtu aya gani aisome na akaipata papo hapo. Michoro mikubwa ya FM 5-0 haisomeki kwenye simu, na vifupisho ni vingi kiasi kwamba mwanafunzi mmoja aliandaa faharasa yake kwenye daftari, ikajaza kurasa tisa. Kiingereza chake kimenyooka lakini kikavu. Tena matoleo hubadilishwa mara kwa mara, mambo yakihamishwa kutoka kitabu kimoja kwenda kingine: utaratibu wa hatua saba, kwa mfano, mwaka 2014 ulikuwa ndani ya FM 6-0. Kabla ya kuchapa chochote, hakikisha kwenye tovuti ya kurugenzi kwamba toleo unalolishika bado lina nguvu.

Atakayeniuliza achape nini, nitamwambia asichape FM 5-0 yote. Achape hatua nane za platuni, uchambuzi wa jukumu, mchezo wa vita na mfano wa amri yenye aya tano, ile ya hali, jukumu, utekelezaji, ugavi, na ukamanda na mawasiliano. ADP 6-0 aichape nzima. Kutoka ADP 6-22 achape ile sehemu moja. Mzigo huo wote unaingia kwenye faili moja la kawaida, na gharama yake kwenye duka la kuchapishia si kubwa. Avifungie kwenye plastiki kama anakwenda nao zoezini, na kwenye jalada la ndani aache ukurasa mtupu.

Kwenye ukurasa huo wanafunzi wangu huandika zoezi la mwisho, ambalo ni kumwandikia Aitken kusudio ambalo kamanda wa platuni wa mwaka 1914 angelikumbuka akiwa na maji kiunoni na risasi zikimpita masikioni. Wengi huandika aya nzima na huwarudishia. Yule Luteni Usu wa visanduku vya kiberiti aliandika hivi: “Tunaichukua Tanga ili tuikate reli kabla askari wa Moshi hawajafika; atakayefika nchi kavu kwanza asitusubiri, aende relini.”